Mkuki wa Boga na riwaya ambayo Ituri bado inaidai

Kifo, gereza na imani vilikutana kusini mwa Bunia, mji wa Ituri mashariki mwa Kongo, mwaka 1898. Wanaokisimulia kisa hicho hukisimulia kama habari za mtakatifu. Ni wakati wa kukisoma kama jalada la polisi.

Mwaka 1898, katika kijiji cha Boga, mwanamke mmoja aliangukia mkuki akafa. Mkuki ulikuwa umelala ndani ya nyasi, kwenye makazi ya mgeni kutoka Buganda. Marehemu alikuwa ndugu wa Tabaro, mtawala wa Boga. Mgeni alikuwa Apolo Kivebulaya, mhubiri wa Kianglikana aliyefika Desemba 1896 na kuanza kukemea ulevi na ndoa za wake wengi, mambo ambayo wakubwa wa Boga waliyahesabu kuwa haki yao. Waalimu wawili wa dini waliomtangulia hawakudumu. Yeye alinyimwa chakula, akapigwa, na bado hakuondoka.

Mwandishi wa riwaya za upelelezi angetaka nini zaidi? Maiti ipo. Silaha ipo. Mtuhumiwa yupo, tena ana ugomvi unaojulikana na ndugu wa marehemu. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza maswali mawili matatu: mkuki ule ni wa nani, nani alizileta zile nyasi, na nani alipita hapo kabla ya marehemu?

Hakukuwa na wa kuuliza. Tabaro alimtuhumu Apolo kwa mauaji. Mhubiri alikamatwa, akafungwa minyororo, akapelekwa mbele ya Waingereza huko Toro, kwenye ngome iliyokuja kuwa mji wa Fort Portal, nchini Uganda. Akiwa mfungwa, kwa ushuhuda wake mwenyewe, alimwona Kristo aking'aa kama jua na kumtia moyo. Tuhuma haikusimama. Aliachiwa, na badala ya kurudi kwao akarudi Boga, kwa mtu yule yule aliyemtia pingu. Baadaye Tabaro mwenyewe alibatizwa. Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903, akaihubiri Injili kwa Wambuti wa msituni, akafia Boga tarehe 30 Mei 1933. Aliomba azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo ambako kazi ilikuwa bado.

Mmisionari Mwingereza A. B. Lloyd, aliyemfahamu Apolo, aliyaandika maisha yake. Mwaka 2020 mtafiti Emma Wild-Wood alitoa kitabu kizima juu ya utume wake. Waanglikana wa Kongo, ambao chimbuko lao ni Boga, humkumbuka kila tarehe 30 Mei. Katika masimulizi ya ibadani uzito wote huwa kwenye maono ya gerezani, na upelelezi ambao haukufanyika hupitwa kama kichaka cha njiani. Hapo ndipo hoja ya makala haya inapoanzia. Eneo la Ituri lina visa vya imani na uhalifu vya kutosha kujaza rafu ya vitabu. Riwaya itakayovistahili ni ile ambayo ndani yake muumini haogopi ushahidi.

Padri aliyepiga marufuku miujiza

Riwaya ya taharuki ya Kikristo si jambo geni duniani. Marekani ina soko lake kamili: wachapishaji wake, tuzo zake, wasomaji wake waaminifu. Mandhari yake inajulikana. Ni mji mdogo ambamo kila mtu anamjua mwenzake, kituo cha polisi chenye watu wachache, kanisa moja au mawili, na dhambi ya zamani inayoanza kunuka. Mwaka 1986 Frank Peretti alitoa This Present Darkness, riwaya iliyouzwa mamilioni ya nakala. Mji wake unaitwa Ashton. Ndani yake mna mchungaji kijana, mhariri wa gazeti la mji aliye mdadisi, na mkuu wa polisi ambaye ni muumini wa kanisa lile lile la mchungaji na papo hapo amezama katika njama. Juu ya vichwa vyao malaika na mapepo wanapigana kwa panga, na maombi ya waumini ndiyo yanayowaongezea malaika nguvu.

Kuna njia nyingine, ya zamani zaidi, nayo ilichongwa na watu wa dini vilevile. Mwaka 1911 Mwingereza G. K. Chesterton alitoa mkusanyo wa kwanza wa hadithi za Padri Brown, kasisi mfupi wa umbo la kuchekesha anayefumbua mauaji kwa sababu miaka ya kuketi katika kiti cha maungamo imemfundisha binadamu ni nani. Katika hadithi ya kwanza anamnasa mwizi aliyevaa mavazi ya kipadri. Alimtambuaje? Mwizi yule, akijaribu kujionyesha mcha Mungu, aliidharau akili. Padri Brown akajua hapo hapo kwamba huyu hakusoma seminari.

Mwaka 1929 padri mwingine Mwingereza, Ronald Knox, aliweka kanuni 10 za hadithi ya upelelezi. Huyu ndiye aliyekuja kuitafsiri Biblia nzima kwa Kiingereza, kwa hiyo hakuna wa kumwita mpagani. Mojawapo ya kanuni zake inapiga marufuku nguvu zozote zisizo za kawaida katika kufumbua kosa. Nyingine inamkataza mpelelezi kusaidiwa na bahati au na hisia ya moyoni isiyoelezeka. Padri anaamini miujiza, anaihubiri, halafu akiketi kuandika habari za mauaji anaifungia nje. Kwake, msomaji na mtuhumiwa wote wawili wana haki ya kuonyeshwa njia iliyompeleka mpelelezi kwenye jina la mkosaji.

Mzizi wa njia hii uko ndani ya Maandiko. Katika Biblia ya Kikatoliki, sura ya 13 ya kitabu cha Danieli inasimulia habari za Susana, mke mwema aliyesingiziwa uzinzi na wazee wawili waliotaka kumlazimisha akakataa. Wazee ni waamuzi, wanaheshimika, na ushahidi wao unalingana. Umati umekwisha kumhukumu kifo. Danieli, kijana asiye na cheo, anasimamisha msafara. Anaagiza mashahidi watenganishwe, kisha anamuuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja anataja mti huu, mwingine anataja ule. Kesi imekwisha. Mwandishi Dorothy Sayers alipokusanya hadithi za uhalifu mwaka 1928 aliiweka hii kati ya za mwanzo kabisa. Muumini wa kanisa la CECA-20 mjini Bunia hataikuta katika Biblia yake ya Kiprotestanti, lakini jirani yake Mkatoliki ataikuta, na wote wawili wanaielewa. Roho wa Mungu alimwamsha Danieli, na kilichomwokoa Susana ni mahojiano mazuri.

Nasi Waswahili tumeionja njia hiyo zamani. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960, ilimweka Bwana Msa mbele ya kifo kilichotokea mahali pa mizimu. Wenyeji walikuwa tayari kuwaachia wafu lawama. Bwana Msa akavuta kiko chake, akauliza, akapima, na akamkuta muuaji mwenye damu na nyama. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitupa Simu ya Kifo, na humo polisi mwenyewe, Inspekta Wingo, akawa mhusika wa kupendwa. Jadi ipo. Haijafika Bunia, na haijamvalisha mpelelezi rozari wala kumpa Biblia mfukoni.

Kalamu ya OPJ

Bunia ni makao makuu ya Ituri, wilaya ya zamani iliyopata hadhi ya jimbo mwaka 2015. Ni mji wa makanisa. Kuanzia Mudzipela hadi Nyakasanza, Jumapili ni ngoma, magita na kwaya. Wamo Wakatoliki, Waanglikana, CECA-20 iliyotokana na kazi ya Africa Inland Mission tangu mwaka 1912, na Wapentekoste wa kila namna. Kuna Chuo Kikuu cha Shalom, ambacho hadi mwaka 2007 kilijulikana kama ISTB, chuo cha teolojia. Polisi wa Bunia anatoka katika familia hizo hizo. Anayeimba besi Jumapili ndiye anayefunga mlango wa kasho Jumatatu.

Mtu wa kati katika riwaya ya Bunia lazima awe OPJ, ofisa wa polisi wa mahakama. Ndiye anayepokea malalamiko, anayemwita mtuhumiwa, anayeandika PV, yaani hati ya mahojiano, na kulipeleka jalada kwa waendesha mashtaka wa parke. Katiba ya Kongo, katika ibara ya 18, inampa saa 48 tu za kumshikilia mtu kabla ya kumwachia au kumkabidhi kwa mamlaka ya mahakama. Saa 48 ni zawadi kwa mwandishi wa taharuki, kwa sababu saa inayohesabu tayari imo katika sheria. Ndani ya muda huo OPJ hana maabara ya vinasaba na mara nyingi hana gari. Anategemea mdomo wa shahidi na kalamu yake.

Kalamu hiyo inaandika Kifaransa. Mtuhumiwa amejieleza kwa Kiswahili cha Bunia, au kwa Kihema, Kilendu, Kingiti, Kibira au Kialuru. Anachotakiwa kutia saini mwishoni ni ukurasa ambao huenda hawezi kuusoma. Neno "nilikuwepo" linaweza kutoka upande wa pili likiwa "nilishiriki", na kati ya hayo mawili kuna miaka 20 ya gereza. OPJ mcha Mungu anajaribiwa hapa kuliko mahali pengine popote, chumbani, bila bastola wala mbio za pikipiki, akiamua kama atamsomea mtuhumiwa PV nzima kwa lugha anayoielewa au ataokoa nusu saa.

Kisha kuna pesa. Mlalamikaji katika miji mingi ya Kongo anajua kwamba karatasi, mafuta ya pikipiki na "nauli" ya kumfuata mshukiwa vinaweza kutoka mfukoni mwake. Mshahara wa polisi ni mdogo na hauji kwa wakati. Tukimchora OPJ wetu kama malaika tutakuwa tumedanganya, na tukimchora kama mwizi tu tutakuwa wavivu. Ana watoto wanaofukuzwa shule kwa karo, na ana mchungaji anayehubiri dhidi ya rushwa huku akipokea sadaka bila kuuliza inatoka wapi.

Juu ya hayo yote likaja jeshi. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri na Kivu Kaskazini ziliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa, ile ambayo wenyeji huiita "état de siège". Gavana akawa mwanajeshi, makamu wake akawa ofisa wa polisi, na kesi za jinai za raia zikahamishiwa mahakama za kijeshi. Hatua hiyo imerefushwa mara nyingi. Mwizi wa pikipiki na muuaji wa halaiki wakajikuta wakielekea mlango mmoja. Machi 2024 serikali ya Kinshasa iliondoa zuio la kutekeleza hukumu za kifo lililokuwa limedumu tangu mwaka 2003. Maana yake ni nzito kwa kila OPJ: PV iliyoandikwa ovyo inaweza kuanzisha safari inayoishia kwenye hukumu ya kifo.

Wala hakuna haja ya kubuni vitisho. Tarehe 4 Septemba 2020 wapiganaji wa CODECO, kundi ambalo jina lake lilitoka kwenye ushirika wa wakulima na ambalo lilikuja kuchanganya matambiko na bunduki, waliingia mjini Bunia mchana wakiwa na silaha, wakaelekea gereza kuu kudai wenzao waachiwe. Walifika katikati ya mji, wakazungumza na wakubwa, wakasindikizwa kutoka. Mji mzima ulishuhudia. Hebu mfikirie OPJ aliyemkamata mmoja wa wale waliokuwa gerezani, akiwa dirishani siku hiyo. Mwandishi wa Marekani angesumbuka sura tatu kuutengeneza mkasa wa aina hiyo.

Majaji waliokanyaga Bogoro

Kesi kubwa kuliko zote zilizozaliwa Ituri zilisikilizwa The Hague, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Wengi huzikumbuka kwa majina ya viongozi wa wanamgambo na kwa hukumu. Thomas Lubanga alitiwa hatiani tarehe 14 Machi 2012 kwa kuwaandikisha na kuwatumia watoto vitani, akafungwa miaka 14. Germain Katanga alipewa miaka 12 mwaka 2014. Bosco Ntaganda alipewa miaka 30 Novemba 2019. Mathieu Ngudjolo Chui aliachiwa huru Desemba 2012, na rufaa ikathibitisha hivyo mwaka 2015.

Mpenzi wa riwaya za upelelezi ataziangalia kwa jicho jingine. Kesi ya Lubanga ilifunguliwa Januari 2009, na siku chache tu baadaye shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka, kijana aliyedaiwa kuwa askari mtoto, aliyakana maelezo aliyoyatoa asubuhi ya siku ile ile. Alirudi kizimbani majuma mawili hivi baadaye. Mwisho wa yote majaji waliona kwamba watu wa kati waliotumiwa kuwatafuta mashahidi huku Ituri hawakusimamiwa vizuri, na ushahidi wa baadhi ya vijana hao ukawekwa kando. Lubanga alitiwa hatiani kwa ushahidi mwingine, zikiwemo picha za video zilizoonyesha watoto waliovalia sare.

Katika kesi ya Katanga na Ngudjolo swali lilikuwa shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003, kijiji kilicho kwenye njia ya kwenda Ziwa Albert. Januari 2012 majaji waliondoka Ulaya wakaenda kuona kwa macho yao: Bogoro, Zumbe, Aveba. Walitaka kujua umbali, milima, na kitu gani kinaonekana kutoka wapi. Ndivyo anavyofanya mpelelezi yeyote mzuri. Ngudjolo alipoachiwa, majaji walieleza kwamba uamuzi wao haukuwa na maana kwamba Bogoro hapakutokea kitu. Watu walikufa. Kilichokosekana ni ushahidi wa kuaminika wa kumfunga mtu huyu kwa vifo hivyo.

Kauli hiyo iliwauma walionusurika, na ni haki yao kuumia. Hata hivyo ndiyo kauli ngumu kuliko zote ambayo mwandishi Mkristo wa Ituri anapaswa kuweza kuiandika. Kumwachia mtu unayemshuku kwa sababu hukuthibitisha kunahitaji imani kwamba kuna hakimu mwingine baada ya wewe. Asiyeamini hivyo atashawishika kupika PV.

Bunia yenyewe imewahi kuonyesha kwamba kazi hii inawezekana nyumbani. Machi 2006 mahakama ya kijeshi ya Ituri ilimhukumu kifungo cha maisha kapteni wa jeshi la taifa, Blaise Bongi Massaba, kwa uporaji na kwa mauaji ya wanafunzi 5 waliokuwa wamelazimishwa kubeba mali iliyoporwa. Majaji walitumia moja kwa moja Mkataba wa Roma, ule ule unaoongoza mahakama ya The Hague. Wanafunzi, mizigo, kapteni, makaburi: kwa riwaya, kesi hiyo inatosha. Kwa mzazi wa Ituri ilikuwa na maana kubwa zaidi, kwamba mtu mwenye sare alihesabiwa kosa lake na mahakama ya hapa hapa.

Pepo anapokuwa mshukiwa

Kwa nini basi nisimshauri mwandishi wa Bunia afuate njia ya Peretti, ya malaika na mapepo? Wasomaji wangependa. Makanisa yangenunua. Sababu yangu inatoka wilaya ya Aru, kaskazini mwa Ituri. Katikati ya mwaka 2001 mamia ya watu waliuawa huko na majirani zao kwa tuhuma za uchawi. Waliotuhumu hawakuhitaji kielelezo wala shahidi aliyetenganishwa na mwenzake. Waliamini kwamba nyuma ya vifo na magonjwa kuna nguvu za giza, na nguvu za giza zikahitaji uso. Uso ukawa wa kikongwe wa nyumba ya tatu.

Huko Ashton ya kitabuni pepo anabaki hewani na msomaji anafunga kitabu akalala. Katika nchi ambayo mtoto anaweza kufukuzwa nyumbani kwa sababu "nabii" wa chumba cha maombi ameota, pepo hubadilika haraka kuwa mtu mwenye jina. Kongo ililazimika kutunga sheria ya ulinzi wa mtoto, tarehe 10 Januari 2009, inayokataza na kuadhibu tuhuma za uchawi dhidi ya watoto. OPJ wa riwaya yetu atakutana na jalada la namna hiyo mapema. Upande mmoja atakuwepo mtoto mwenye makovu, upande mwingine mchungaji anayeheshimika, na katikati yupo yeye, muumini wa kanisa la mchungaji huyo. Hiyo ni taharuki halisi, na haihitaji pepo hata mmoja kushika upanga.

Kuna jambo jingine. Julai 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la ADF walivamia Komanda, katika wilaya ya Irumu, wakawaua waumini waliokuwa wamekusanyika kwenye kanisa Katoliki usiku kwa mkesha wa sala. Waliouawa katika shambulio hilo walizidi 40. Miaka minne kabla, usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Mei 2021, Boga na Tchabi zilishambuliwa na watu zaidi ya 50 wakauawa. Tarehe 30 Mei ndiyo siku ambayo Waanglikana wa Boga humkumbuka Apolo. Riwaya ambayo kila anayeomba anaokoka haitasomwa Komanda, na haitasomwa Boga. Watu hawa waliomba. Wanajua kwamba kuomba na kunusurika si kitu kimoja, na bado Jumapili iliyofuata walikwenda kanisani. Mwandishi atakayeielewa Jumapili hiyo ndiye atakayeandika riwaya ya Kikristo yenye uzito.

Shamba la Nabothi

Nikiulizwa mwandishi aanze na kisa gani, nitamwelekeza kwenye Wafalme wa Kwanza, sura ya 21. Mfalme Ahabu anataka shamba la mizabibu la jirani yake Nabothi. Nabothi anakataa kuuza urithi wa baba zake. Malkia Yezebeli anaandika barua kwa jina la mfalme, anazipiga mhuri, anaagiza wapatikane watu wawili waovu wa kutoa ushahidi wa uongo, na Nabothi anapigwa mawe kisheria kabisa. Nyaraka zipo, mihuri ipo, mashahidi wawili kama Torati inavyotaka wapo. Kila kitu ni halali isipokuwa ukweli. Kisha Eliya anatokea, na swali lake kwa mfalme linaunganisha mambo mawili ambayo wengine wote waliyatenganisha: mauaji na umilikaji wa shamba.

Mtu wa wilaya ya Djugu, huko huko Ituri, hahitaji kuelezwa zaidi. Vita vya Ituri vilivyowaka mwaka 1999 vilianzia kwenye migogoro ya mashamba makubwa, hati zilizobishaniwa na wanavijiji waliotishiwa kuhamishwa. Baadaye dhahabu ya Mongbwalu, majeshi ya Uganda na Rwanda, na wanasiasa wa kila rangi wakamwaga mafuta. Chanzo kilikuwa karatasi na mipaka. Riwaya ya upelelezi, ambayo kazi yake ni kufuata karatasi hadi kwa anayenufaika, ina mengi ya kusema hapa kuliko mahubiri.

Mwandishi ajilinde na mitego michache. Asimfanye muuaji awe wa kabila moja na mpelelezi wa jingine, kwani Ituri imekwisha kusoma hadithi hiyo na kuilipa kwa maelfu ya maiti. Asimwokoe OPJ wake kwa ndoto katika sura ya mwisho, kwa sababu Knox alikuwa sahihi. Asiandike kana kwamba dini ni ya wema tu na bunduki ni ya wabaya tu, kwani zimekwisha kukutana mikononi mwa mtu mmoja mara nyingi. Na amwache OPJ wake alipe gharama. Imani isiyomgharimu mhusika kazi, urafiki au heshima kanisani ni pambo la jalada la kitabu tu.

Vyombo vya kuifikisha kazi hii kwa watu vipo. Redio Candip ya chuo cha ISP Bunia na redio ya Kikristo ya Canal Révélation zinasikika mjini, na mchezo wa kuigiza wa Kiswahili wa dakika 15 kila juma ungewafikia wengi ambao hawana fedha za kununua vitabu. Chuo Kikuu cha Shalom kina wanafunzi wanaojua Biblia na wanaoijua Ituri. Médiaspaul ya Kinshasa inachapisha. Makanisa yanayotumia fedha kwa mabango ya mikutano ya uponyaji yanaweza kutenga kidogo kwa shindano la hadithi fupi, na kumwalika OPJ mstaafu na wakili wawe miongoni mwa waamuzi ili taratibu za saa 48, za PV na za parke ziandikwe sawasawa.

Kwa msomaji nina ombi moja. Siku jirani yako atakapotajwa kwa uchawi, kwa wizi au kwa kushirikiana na wanamgambo, kabla ya kuongeza sauti yako kwenye umati, uliza alichouliza Danieli: nani aliona, akiwa wapi, na mwenzake anasema nini akiwa peke yake. Ukristo unaokataa maswali hayo umewaua watu wa Ituri, na hakuna wokovu wa kuhubiriwa juu ya makaburi ya waliosingiziwa.